Bahari Tuliyoipaka Rangi Manundu

Watu wakiniuliza nilisomea wapi mambo ya picha, huwa nawaambia nilisomea Manundu, kwenye chumba chenye mlango mmoja mbele na mmoja nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa karakana ya fremu. Wa nyuma ulikuwa wetu: mimi, mdogo wangu wa kike na mdogo wetu wa kiume, vitanda viwili, na jiko la mkaa ambalo kila asubuhi tulilitoa nje kama mgeni aliyepitiliza siku zake.

Baba na mama walifuatana ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa darasa la sita, na baada ya arobaini ya mama sikurudi tena darasani. Wazee wa ukoo walikaa mkekani kule kwetu Kwaluguru wakatugawa, kwa nia njema kabisa: wa kike aende kwa shangazi Handeni mjini, wa kiume akae na baba mdogo amsaidie shambani, nami nitafutiwe mume. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikasema sitaki tugawanywe. Waliponiuliza mara ya pili nikasema vilevile, na mara ya tatu pia. Baba mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alichoka akaweka sharti.

"Haya. Maadamu mna paa na wewe una kazi, kaeni pamoja. Siku kimoja kikikosekana nakuja kuwachukua wenzako."

Paa na kazi tulivipata kwa mtu mmoja, fundi wa fremu, Msambaa mzee aliyekuwa rafiki wa baba. Alitupa kile chumba cha nyuma na kunifundisha kazi, na tangu siku ya kwanza aliniita mke wake, kwa utani wa babu na mjukuu. Chai ikichelewa alitishia kunipa talaka.

Kazi ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kukata vioo na kuunga fremu: picha za harusi, aya za Kurani, watakatifu wa Wakatoliki, vyeti vya darasa la saba. Ya pili, iliyompa fundi sifa mpaka Mombo, ni kupaka rangi picha nyeusi na nyeupe. Filamu ya rangi ilikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo mtu akishapigwa picha studio aliileta kwetu ichangamshwe. Sheria ya fundi ilikuwa moja: usipake usichokijua. Ulimwuliza mteja, ukaandika nyuma ya picha kwa penseli: gauni kijani, mkanda mweusi, maua mekundu. Mteja asipokumbuka alirudi nyumbani kulitazama gauni. Mara moja tu fundi alibahatisha, akampaka bwana mmoja shati la buluu. Kumbe siku ile bwana yule alikuwa ameazima shati la kijani la kaka yake, na kaka akaja karakana kuuliza shati lake halisi liko wapi.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa chini kila gulio, na filamu za rangi zikauzwa hata Mkata kando ya barabara. Watu walianza kuleta picha zenye rangi zake tayari. Fundi alizitazama, akazitia fremu, akaguna. Macho yake nayo yalikuwa yamechoka. Siku moja aliweka chini almasi ya kukatia vioo akasema mwisho wa mwezi anarudi kwao milimani kulima kabichi.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Wewe nakuachia almasi na brashi. Chumba si changu. Kamwone mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, Mbondei aliyekulia Tanga mjini, mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima. Mwezi huohuo alikuwa anamalizia kujenga gesti yake karibu na stendi ya mabasi. Nilimkuta akigombana na mtu wa kupaka chokaa. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Kuna mtu wa mitumba anakitaka chumba hicho tangu juzi," akasema. "Nikikupa wewe, utakiendesha kwa lipi?"

"Kwa kazi, mama."

"Kazi ya nani? Ile ni kazi ya mzee. Ya kwako sijaiona."

Aliingia ndani akatoka na furushi lililofungwa kwa kamba ya katani. Shamba moja la mkonge lilikuwa limeuzwa kwa watu binafsi, na vitu vya nyumba ya zamani ya meneja vilitolewa nje vikanunuliwa na kila aliyepita. Yeye alichukua vitanda, sahani, na picha nane za furushi lile bila kuzitazama vizuri.

"Mgeni akilala kwangu hataki kutazama picha nyeusi kama tangazo la msiba. Zipake rangi, zitie fremu. Nikizipenda ukutani, chumba ni chako. Nisipozipenda, usinilaumu. Siku ya kufungua gesti ndiyo siku ya jibu."

Nilimtumia baba mdogo salamu kwa kondakta wa basi la Handeni, maana sikutaka asikie kwa watu wengine. Jibu lilikuja kwa kondakta yuleyule: siku ya kufungua gesti na yeye atakuwepo. Ataona mwenyewe kama paa lipo.

Tulifungua furushi juu ya meza ya kukatia vioo. Karatasi zilikuwa nene, za rangi ya maziwa yaliyolala, na zote nane zilikuwa za bahari. Kulikuwa na bandari yenye majahazi makubwa ya Ulaya, milingoti mingi kama shamba la mkonge lililotoa maua. Kulikuwa na meli iliyolazwa ubavu ufukweni, watu wakiichoma moto tumboni. Meli nyingine mbili zilikuwa zikipigana mizinga. Katika moja meli ilikuwa imevunjika kwenye mwamba, na watu ufukweni wakivuta kamba wamebinuka nyuma, wanawake kwa wanaume, kofia zikipeperuka. Mdogo wetu wa kiume aliihesabia watu walioko majini akapata kumi na mmoja, akahuzunika mpaka alipogundua kwamba wote wameshika kitu.

Chini ya kila picha kulikuwa na maandishi, na kuzunguka picha palikuwa na alama ya kubonyea, kana kwamba karatasi imekandamizwa na trei. Nyuma hapakuwa na neno la penseli. Yaani mteja hakuacha maelezo.

Nilichukua ile ya meli iliyovunjika nikaipeleka kwa padre mmoja mzee, Mzungu, mteja wetu wa watakatifu, anijulishe maandishi yanasemaje. Alivaa miwani, akainama, akayafuata maandishi kwa kidole.

"Binti, hii umeipata wapi? Ni Kifaransa. Hii ni pwani ya kaskazini ya Ufaransa, na imechapishwa Paris, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ina umri mkubwa kuliko bibi wa bibi yako."

Kisha akanieleza, na sijawahi kusahau. Fundi wa Kifaransa alichukua bamba la shaba, akachora kwa sindano ya chuma. Palipotakiwa kivuli alinyunyiza unga wa utomvu mkavu, akaupasha moto ushike, akamwagia tindikali iitoboe shaba katikati ya chembe. Ndiyo maana mawingu yale, ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia, ni vidoadoa vitupu. Baadaye wino ulipakwa, ukafutwa juu ukabaki mashimoni, karatasi ikalowekwa majini na kupitishwa kwenye mashine pamoja na bamba. Ile alama ya kubonyea ndiyo unyayo wa bamba. "Usiikate," akasema, maana alikuwa anajua tabia yetu ya kupunguza karatasi iingie kwenye fremu.

"Karatasi inalowekwa, padre? Haiyeyuki?"

"Hii si karatasi ya daftari, na wino wake ni wa mafuta, hautoki kwa maji. Hii imetengenezwa na matambara. Nguo kuukuu za watu, zimepondwapondwa."

"Mitumba!"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo. Mitumba ya kwao wenyewe. Na nyingi zilipakwa rangi kwa mkono, kama mnavyofanya ninyi. Wasichana na wanawake walikaa kuzunguka meza, huyu ana rangi ya mbingu, huyu ya bendera, huyu ya nguo, wanapokezana karatasi."

Nilirudi Manundu natembea kama mtu aliyepewa ukoo mpya. Hata ile meli inayochomwa tumboni nilimwuliza, akanieleza; jambo moja tu sikumwuliza: rangi ya bahari. Nani anauliza rangi ya maji?

Tulikaa kama wale wasichana wa Paris. Mdogo wangu wa kike, mwenye mkono mtulivu kuliko wangu, akachukua nguo na bendera. Mimi nikachukua mbingu na miamba. Wa kiume tukampa mbao za meli, maana mbao alizijua. Fundi alikaa kwenye kigoda chake na chai, ameapa hatagusa brashi.

Ikabaki bahari, ambayo katika picha zote nane ilichukua nusu ya karatasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

"Bahari ni buluu," akasema wa kiume, ambaye alikuwa darasa la tano. "Iko kwenye ramani shuleni."

"Kwenye ramani hiyohiyo mto Pangani ni rangi gani?" akauliza dada yake.

"Buluu."

"Na wewe unaoga Pangani kila Jumamosi. Umewahi kuuona wa buluu?"

Akafikiri. Ilikuwa masika, na mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba, mwekundu mzito kama chai ya maziwa.

"Hapana," akakubali.

"Basi ramani inapaka buluu ili ujue ni maji. Haijui maji yenyewe."

Hoja hiyo niliiona nzito kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Nilimgeukia fundi. "Babu, bahari umeiona?"

"Mimi ni mtu wa milimani, mke wangu. Hata mto naushuku."

Sheria ilikuwa usipake usichokijua. Maji makubwa yenye mawimbi, yanayovunja na kubeba, tuliyajua: yalipita nusu saa kwa mguu kutoka mlangoni kwetu. Tukachukua udongo wa kichuguu, tukauchuja kwa kitambaa, tukauchanganya na gundi ya miti ambayo akina mama wa Kimaasai waliileta kutoka nyika za Handeni. Ilikuwa rangi nzuri ajabu. Ilikaa juu ya mistari ya Mfaransa bila kuifunika, na mawimbi yale ya kwenye mwamba yakafanana kabisa na Pangani unapogonga nguzo za daraja. Siku nne tulipaka bahari. Fundi alitazama akasema, "Sina la kuongeza," na kwa kawaida yake hiyo ilikuwa sherehe.

Zilibaki siku tano gesti ifunguliwe mama mwenye nyumba alipopita kuchungulia. Picha nane tulikuwa tumezisimamisha ukutani kwa safu. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akazitazama moja moja. Mdogo wangu wa kike alinibana kidole.

"Hii ni nini?"

"Bahari, mama."

"Bahari!" Akaingia ndani akainama. "Watoto wa watu, mmenipikia uji wa ulezi! Meli nzima imezama kwenye uji! Mgeni wangu akitoka Tanga akaona hivi, si atalala stendi?"

Akacheka, lakini alipomaliza kucheka uso ulikuwa wa mwenye nyumba. "Binti yangu, nilikwambia usinilaumu. Mbingu nimeipenda, bendera nimezipenda. Lakini mimi nimezaliwa naitazama bahari dirishani. Siwezi kutundika hii."

Miaka mingi baadaye nilifika Pangani mjini wakati wa masika, nikasimama pale mto unapoingia baharini. Maji yalikuwa ya kahawia mpaka mbali kabisa, na mimi nilicheka peke yangu watu wakanitazama. Ule udongo ulikuwa wa kwetu. Laiti ningelijua siku ile, ningelikuwa na la kujibu.

Siku ile nilimwomba tu aniachie siku tano zilizobaki. Akasema, "Siku ni zako. Picha ndizo zimeharibika," akaondoka.

Wa kiume akauliza kama Kwaluguru kuna shule yenye ramani. Nilikuwa nimeinua ile ya meli iliyovunjika, naipapasa ukingo, pale palipochanika kidogo. Uzi ulitokeza. Uzi kabisa, kama wa shati.

"Lete karai la maji," nikamwambia mdogo wetu.

"Mke wangu, umepatwa na nini?" Fundi alisimama, chai ikamwagika. "Karatasi na maji ni maadui!"

"Hii ni nguo, babu. Ilishalowekwa ikichapishwa. Wino wake unashika, padre kasema. Udongo wetu ndio mgeni."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea tunakwenda Kwaluguru. Nisipojaribu tunakwenda vilevile."

Niliilaza karatasi juu ya kioo, nikakishusha kioo na karatasi yake majini taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto wa siku saba. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu gundi ikalegea. Wekundu ukaanza kuinuka kutoka kwenye karatasi kama moshi, maji yakabadilika, na chini yake mawimbi ya Mfaransa yakatokea tena, meusi, makali, hayajapungua hata unywele mmoja. Mbingu yangu ilififia kidogo na bendera moja ikavuja. Karatasi ilikaa imara kama kanga.

"Imetoka!" akapiga kelele wa kiume. "Watu wote bado wapo! Kumi na mmoja!"

Tulifua bahari siku mbili. Tulizianika juu ya mkeka kivulini, kisha tukazibana kati ya vioo zinyooke. Ilibaki rangi hafifu ya udongo kwenye karatasi, kama nguo nyeupe iliyofuliwa kwa maji ya mto, na kwa kweli ilizipendeza. Kisha nikaenda mwenyewe kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Naomba uje uniambie nyuma ya picha niandike nini."

"Uandike nini tena?"

"Rangi. Mteja ndiye anayesema. Mara ya kwanza sikukuuliza, na hilo ndilo kosa langu."

Alijifunga kanga akanifuata. Alipoona karatasi zimetakata aliguna, akazigeuza mbele na nyuma, akauliza tumetumia dawa gani. Nikamwambia maji ya bomba. Akavuta kigoda cha fundi bila kuomba ruhusa.

"Sikiliza. Bahari haina rangi moja. Hapa ufukweni, kwenye maji haba, ni kijani kama chupa ya soda. Hapa mbele, buluu. Hapa chini ya wingu, kijivu. Na povu usiliguse, liache jeupe."

Buluu ya kutosha picha nane hatukuwa nayo. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekimbia dukani akarudi na buluu ya kufulia nguo, ile ya vijiwe. Tukaisaga na gundi. Mama mwenye nyumba akasema nyepesi zaidi, nzito zaidi, hapana, hapo ni jioni sasa, mpaka akaninyang'anya brashi. Alipaka kona nzima ya bandari ulimi nje kama mtoto wa chekechea.

"Mama, umetoka nje ya mstari," akasema wa kiume.

"Nyamaza wewe, mtu wa uji."

Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kigoda kilikuwa kimechukuliwa. Akasema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona mteja anajifanyia kazi mwenyewe, na kama angelijua inawezekana angelilala zaidi.

Siku ya kufungua gesti tulikuwa bado tunapigilia misumari wageni wanaingia. Nilipanda kwenye stuli, mdogo wangu wa kike akasimama mbali kunielekeza kushoto na kulia, na bahari nane zikapanda ukutani kwenye korido, juu ya chokaa mbichi. Sikusikia baba mdogo akiingia. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele ya meli iliyolazwa ubavu, begi tupu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii imepinduka?"

"Imelazwa makusudi," mdogo wetu wa kiume akadakia. "Wanaunguza uchafu wa tumboni wapake lami. Padre kasema."

Baba mdogo akaitazama tena. Aliuliza ng'ombe wangapi wangelitosha humo ndani. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, mwenye nyumba ni nani.

Alikuwa nyuma yake, na sinia la soda. "Ni mimi. Wewe ndiye uliyekuja kuchukua watoto?"

"Ndimi."

"Basi nikwambie. Chumba cha mbele leo nimekigawa katikati kwa mbao, hawa wakiwa huku na misumari. Nusu moja ni ya mtu wa mitumba, maana na yeye nilishamwahidi. Nusu nyingine na chumba cha nyuma ni vya binti huyu. Patakuwa finyu. Vioo vyake atavikatia barazani." Akanigeukia. "Umesikia? Usije ukanililia."

Nilisema nimesikia. Nusu ya karakana haikuwa niliyoiomba, na meza ya fundi ilibidi tuikate msumeno ipite. Lakini nilishuka kwenye stuli nikamsaidia kugawa soda.

Baba mdogo alikula pilau ya ufunguzi, akaenda kukiona chumba, akaupima ule ukuta wa mbao kwa viganja, akatikisa mlango wa nyuma kuona kama komeo linashika. Tulimsindikiza stendi sote watatu. Kondakta wa basi la Handeni alimwona akaruka chini.

"Mzee, viti vyako vitatu nimevishika tangu saa nne. Abiria wenzako hawa? Mizigo iko wapi?"

Baba mdogo alikunja lile begi tupu akalitia kwapani.

"Nipe kimoja," akasema. "Viwili wape watu. Wanangu wana kazi."

Akina mama wawili wenye vikapu vya machungwa walikuwa wameshasikia, na kabla hajamaliza kusema walikuwa wamekwishakaa.